Amina na Mbuzi wa Mjomba

Mlola, 11 Februari 1979

Kaka, nimekimaliza! Kitabu chote, mimi Yunis, kwa macho yangu haya mawili, hakuna aliyenisomea hata neno moja. Nimeanzia pale jalada lilipoandikwa *Mchumba wa Mpagazi* mpaka ukurasa wa mwisho wenye doa la chai yako. Kuna mtu alisema mwanamke aliyeanza kisomo akiwa na mvi ataishia kusoma jina la sabuni dukani. Mtu huyo ni wewe. Sabuni nimeshaipita, na siku hizi dukani haipo hata ya kusoma.

Sasa shikamoo kaka Sefania. Usinihesabie kwamba salamu zimechelewa, furaha ilitangulia mlangoni. Mpe wifi Secilia salamu zangu nyingi, mwambie ile mbegu ya kabichi imeshika vizuri. Sisi ni wazima. Baba Dorkasi yumo viazini, anaongea na viazi kuliko anavyoongea na mimi. Mwanao Dorkasi asubuhi anafundisha darasa la kwanza, alasiri anatufundisha sisi wazee. Mkaguzi alikuja kutoka Lushoto akamsikiliza, akauliza, "Huyu mwalimu amesomea chuo gani?" Nikanyoosha mkono kabla hajajibu mtu, nikasema, "Amesomea tumboni mwangu." Darasa lote likacheka, mkaguzi naye akacheka, Dorkasi akaangalia dirishani.

Najua ulikisoma kitabu hiki tangu ungali shule ya misheni, lakini ngoja nikusimulie ujue kwamba nimeelewa. Amina amechumbiwa na Hamisi. Inakuja vita ya Mjerumani na Mwingereza, Hamisi anakamatwa kubeba mizigo, anapotelea huko kusini. Amina anangoja. Karani wa boma anamtaka, Amina anakataa. Halafu anakuja mpagazi mmoja anasema Hamisi amekufa, amemwona kwa macho yake. Mwaka wa njaa Amina anaolewa na karani. Mwisho kabisa anatokea mtu amekonda, ndevu zimemfunika, anasimama uani anaomba maji. Amina anampa. Mtu anakunywa, anashukuru, anaondoka. Basi! Kitabu kimekwisha!

Kaka, nilikigeuza nikatafuta ukurasa mwingine. Nilidhani umeuchana ukawashia moto.

Darasani tulisoma kwa zamu huku tunachambua maharage, na sasa hakuna anayechambua tena, ni kugombana tu. Je, Amina alimjua au hakumjua? Rahabu anasema alimjua. Zainabu anasema angemjua angeangusha kikombe. Wakishakasirika wanahamia Kishambaa, hapo hata mwalimu hasikilizwi. Na wewe msomi wetu, unasemaje?

Tobia wetu bado yuko huko vitani na mgambo wenzake, tunamwombea kila Jumapili.

Mdogo wako,
Yunis, Mama Dorkasi


Zirai, 6 Machi 1979

Mdogo wangu Yunis,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa imepitia mikono mingi na mmojawapo ulikuwa na mafuta. Hapa tu wazima. Secilia anasumbuliwa na goti. Iliki imetoa maua vizuri.

Nakupongeza kwa kumaliza kitabu. Hilo la sabuni nililisema kwa utani.

Umeniuliza maoni yangu, nami nakupa. Watu wengi wakisoma kitabu kile wanamwonea karani. Tangu shuleni nilikuwa namtetea peke yangu, wenzangu wakinizomea. Huyu mtu alimfanya nini Amina? Alimlisha mwaka wa njaa. Hakumpiga. Hakumzuia kulia. Kosa lake ni kuvaa viatu? Kwangu mimi Amina alichelewa. Angekubali mapema asingepoteza ujana wake akiangalia njia, na yule Hamisi angerudi akakuta mambo yametulia. Kungoja ni kuzuri ikiwa unajua unangoja nini.

Kwa kuwa tunazungumza habari za makarani, hapa kwetu kuna kijana anaitwa Nathanaeli, karani wa ghala la iliki la kijiji. Mtaratibu, hanywi, ana baiskeli na redio. Alimwona Dorkasi alipokuja kututembelea Pasaka ya mwaka jana, na kila tukikutana ananiulizia hali yake. Nami namjibu hajambo.

Je, Tobia ameandika?

Ni mimi kaka yako,
Sefania


Mlola, 25 Machi 1979

Shikamoo kaka,

Pole kwa goti la wifi, akandwe na maji ya chumvi ya moto na asipande vilima. Najua Zirai yote ni vilima, basi asipande vile vikubwa.

Barua yako niliisoma mbele ya darasa, ile sehemu ya karani tu. Kaka, ungekuwepo! Rahabu alisimama na ungo mikononi. "Huyo kaka yako amwoe yeye huyo karani!" Mwanaisha akasema karani hana kosa, mwenye kosa ni mleta habari, mtu huwezi kutangaza kifo cha mwenzio halafu ukala wali ukaenda zako. Zainabu akasema, "Jamani, njaa mnaijua au mnaisoma?" Hapo wote wakarudia maharage yao, maana Zainabu aliwahi kuzika mtoto mwaka wa ukame.

Na ngoja nikwambie la Mzee Mussa. Huyu ndiye mpagazi wa kweli aliyebaki hapa Mlola, Wajerumani walimchukua mvulana akarudi mtu mzima. Hasomi, anakuja kusikiliza tu na kunywa uji wetu. Yeye hakitaki kitabu kabisa. Anasema, "Kimeandikwa na mtu aliyebebewa mzigo." Tukamwuliza kwa nini. Akasema, "Hamisi aliomba maji? Mto uko pale bondeni, maji alishakunywa. Mtu aliyebeba mzigo wa Mjerumani mpaka Rufiji akifika kwake haombi maji. Anaomba kiti." Tulicheka mpaka machozi, yeye hakucheka.

Kuhusu huyo Nathanaeli, nimefurahi kusikia ana redio. Aisikilize. Naona karani wako na yule wa kitabuni wamenyolewa na kinyozi mmoja. Nikukumbushe tu, maana iliki ina harufu kali huenda imekupanda kichwani: mbuzi wa mjomba, wa posa ya Dorkasi, aliletwa kwako na akina Tobia mwaka juzi kabla ya Krismasi, yule wa kahawia, mwenye ndevu. Wewe ulimpokea kwa mikono yako, ukamchinja, ukampa Secilia ini. Kwetu mbuzi wa mjomba akishaliwa mlango umefungwa. Hapokelewi mwingine mpaka wa kwanza arudishwe, na huyo wa kwanza ulimtafuna.

Dorkasi anakusalimu sana. Amechaguliwa kuongoza kwaya ya vijana, nilijua tu watamchagua, hakuna mwenye sauti kama ile kutoka hapa mpaka Irente.

Yunis


Zirai, 30 Aprili 1979

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima na nyumba yako yote. Sisi tunaendelea. Umesikia redioni kwamba kazi kule Uganda imekwenda vizuri na mji wao mkuu umetwaliwa. Hapa watu walipiga madebe siku nzima. Kwa hiyo walio hai sasa wana nafasi ya kushika kalamu.

Mara ya kwanza nilikuuliza kama Tobia ameandika. Ulinijibu habari za ungo, na uji, na kwaya. Mimi nimekusoma Yunis tangu hujajua kuandika.

Simchukii kijana. Ni fundi seremala mzuri, kiti alichonitengenezea ndicho nilichokalia ninapoandika. Lakini Dorkasi ana umri gani sasa? Mimi ni mjomba wake, nikinyamaza nani atasema? Baba yake anaongea na viazi, umesema mwenyewe.

Secilia amenuna wiki nzima kwa sababu mbuzi amekula kunde zake zote za nyuma ya jiko. Ni mweusi, ana doa jeupe kwenye paji la uso, na hana adabu kabisa, anakata kamba.

Nathanaeli atapita kwenu mwezi wa sita kusalimia. Kusalimia tu. Mpokeeni kama mgeni mwingine.

Sefania


Mlola, 20 Mei 1979

Mbuzi gani?

Kaka, shikamoo, lakini mbuzi gani? Tangu uoe hujawahi kufuga hata kuku asiye na kamba, kwa sababu wifi hataki mnyama karibu na bustani yake. Wewe mwenyewe ulikuwa unasema ndoa yako inasimama kwa sababu hakuna mbuzi kati yenu. Sasa yuko mweusi mwenye doa jeupe anakata kamba nyuma ya jiko. Ametoka wapi? Amepanda mwenyewe kutoka Muheza?

Nimemsomea Baba Dorkasi barua yako. Aliacha jembe, akasema neno moja: "Amepokea." Ndilo neno refu kuliko yote aliyosema mwezi huu.

Umempokea mbuzi wa pili kwa binti mmoja. Hata Amina wa kitabuni hakufanyiwa hivyo.

Haya, na mimi nikujibu ulichoniuliza, kwa sababu sitaki useme nimekuficha. Tobia aliandika mara moja, mwezi wa pili, barua fupi. Baada ya hapo hakuna. Wenzake watatu wa hapa wameandika. Yeye hakuna. Nimeshakwambia, tusirudie.

Sasa sikiliza la Dorkasi. Miezi yote hii tunagombana juu ya Amina, mwalimu hajatoa maoni yake. Anasema kazi yake ni kusikiliza sisi. Juzi Rahabu akamkomalia: "Mwalimu, wewe ungengoja au ungeolewa?" Kila mtu darasani anajua anaulizwa nini. Mimi nikakohoa, hakunitazama. Akaweka chaki mezani akasema, "Kungoja si kosa, na kuolewa si kosa. Amina alikosa kuuliza. Mtu mmoja alikuja akasema amekufa, akaamini. Hakwenda bomani, hakwenda kwa wapagazi wengine, hakuuliza popote. Mimi ningekwenda kuuliza."

Mzee Mussa akasema, "Nenda basi."

Kaka, mtoto anakwenda! Shule ikifunga mwezi wa sita anashuka Mombo, anakwenda Tanga mpaka ofisi za jeshi, na wakimwambia Dar es Salaam atakwenda Dar es Salaam. Wengine wana mabinti wanaokaa wakilia. Mimi nina binti anayeuliza. Nimemshonea begi.

Akikuta habari mbaya, nitakwambia mimi mwenyewe, na huyo mbuzi wako tutamzungumza. Lakini mpaka hapo, mfunge kamba nene.

Yunis


Mlola, 1 Agosti 1979

Amempata! Yu hai!

Shikamoo kaka. Hujanijibu tangu mwezi wa tano. Nilidhani ni posta, halafu nikakumbuka mbuzi, nikaelewa. Wifi goti lake vipi?

Dorkasi alizunguka ofisi Tanga mpaka walinzi wakamzoea. Kila aliyemwambia rudi kesho, kesho yake alimkuta ameketi mlangoni. Mwishowe karani mmoja (unaona, wapo na wazuri) akafungua kabati, akampata. Tobia yuko hospitali Dar es Salaam, na Dorkasi akamfuata huko huko. Mkono wa kulia, kaka. Vidole vitatu vimekwenda, na vilivyobaki havikunji.

Ndiyo maana hakuandika. Wenzake wodini walijitolea kumwandikia, akakataa. Alimwambia Dorkasi, "Nimwambie mtu mwingine aandike kwamba fundi seremala hashiki randa? Niliona bora mnidhani nimekufa, uolewe."  Dorkasi alitoka nje akalia, kesho yake akarudi na daftari na kalamu, akampa mkono wa kushoto. Mwalimu ni mwalimu.

Na mimi nimepata barua yake! Kwa mkono wa kushoto, herufi zimelala zote upande mmoja kama mahindi baada ya upepo. Nilipoiona nilicheka nikalia, maana ndivyo nilivyoandika mimi hatua ya kwanza ya kisomo. Nimemjibu: mwanangu, utainuka, mimi niliinuka na mvi zangu.

Halafu kuna jambo dogo. Dorkasi alikuwa na kitabu chako kwenye begi, akamwachia. Sasa wodi nzima inakisoma, mtu mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanabishana kutoka vitandani. Tobia anasema wodi imegawanyika, sajenti mmoja hasemi na mwenzake wa kitanda cha pili kwa ajili ya Amina. Kumbe na wewe unaye mtetezi kule, kijana wa Songea anamtetea karani. Lakini nilitaka sana kujua Tobia mwenyewe anasemaje. Ameandika mstari mmoja tu: "Mama, mwenye kosa ni Hamisi. Alisimama uani akaomba maji, jina lake hakulitaja. Amina angefanya nini?"

Nimeusoma mstari huo mara nyingi kaka. Huyu mtoto hamsemi Hamisi peke yake.

Huyo Nathanaeli wako alikuja mwezi wa sita, Dorkasi akiwa Tanga. Nilimpa chai na magimbi. Akauliza mwalimu yuko wapi, nikamwambia amekwenda kumtafuta mchumba wake. Kikombe alikishusha polepole. "Mama," akasema, "mjomba hakuniambia kwamba kuna mchumba." Nikamwambia, "Mjomba hupenda kusahau akishashiba." Alimaliza chai yote, akaaga vizuri. Kijana mwenye adabu kweli. Nimemwonea huruma na nimekuonea aibu wewe.

Nangoja jibu, na usiniandikie habari za iliki.

Yunis


Zirai, 26 Agosti 1979

Mdogo wangu Yunis,

Tunamshukuru Mungu kwa uhai wa Tobia. Secilia alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Goti lake ni afadhali.

Kitabu kile nilipewa na mwalimu wangu nilipomaliza shule. Sikukiazimisha jeshi. Narudia, kilikuwa ni cha kusoma wewe. Mwambie Tobia asikunje kurasa.

Mbuzi amerudi kwao. Nilimkokota mwenyewe mpaka kwa Nathanaeli, njia nzima watu wakiniuliza nampeleka wapi, nami nikawajibu malishoni. Alikuwa amezaa hapa kwangu, kwa hiyo nimerudisha wawili. Nathanaeli alimpokea mama, mtoto akamrudisha, akasema, "Huyu amezaliwa kwako, ni wako." Tulisukumana hapo kwa muda. Mwisho nimerudi naye. Secilia amempenda, analala jikoni. Sina la kuongeza juu ya habari hiyo.

Kuhusu kitabu, bado nasema karani wa watu alionewa. Ila nakubali kwamba kabla ya kumposa Amina angeuliza nani alitangulia. Na kama Amina alikuwa na mjomba, mwandishi hakumtaja, nami nadhani alifanya hivyo kwa heshima.

Mwambie Tobia kile kiti alichonitengenezea hakijalegea hata mguu mmoja.

Sefania


Mlola, 14 Oktoba 1979

Amefika kaka, na kijiji kizima kimeona!

Shikamoo. Barua yako ilinichekesha nikamwagia chai ukurasa, sasa na mimi nina doa langu la msomi. Baba Dorkasi nilipomsomea habari ya malishoni alicheka kwa sauti. Watoto walikuja kuangalia kuna nini.

Alhamisi alasiri tulikuwa darasani, uani kwangu, maharage kwenye ungo kama kawaida. Hatukuwa na habari kwamba anakuja. Basi la Lushoto lilimshusha, akapanda kwa miguu, mkono umefungwa kitambaa kifuani, kitabu chako kwapani. Amekonda, ndevu zimemfunika, sikudanganyi. Akasimama pale kwenye migomba. Mwanaisha akanishika bega. Yeye hakusogea. Akavuta pumzi, akapaza sauti kama yuko gwaride:

"Hodi! Mimi ni Tobia mwana wa Timotheo, fundi seremala, naomba maji!"

Rahabu alitupa ungo. Maharage yakaenda kila mahali, kuku wakafurahi. Dorkasi alikuwa ubaoni, chaki mkononi. Aligeuka, akamtazama tangu viatu mpaka ndevu. Mimi kaka nikajisemea sasa atalia. Hakulia. Akasema, "Maji yamo mtungini, na kikombe hujasahau kilipo. Sisi hapa tuna somo."

Akageukia ubao akaandika neno, akalifuta, akaliandika tena. Tobia akaenda mtungini, akachota kwa mkono wa kushoto, maji nusu yakamwagika, akanywa yaliyobaki.

Mzee Mussa akaruka kwa hasira, "Nyie mmesoma nini miezi yote hii? Mpeni kiti kwanza!" Akainuka yeye mwenyewe kwenye kigoda chake, akakisukuma kwa mguu. Tobia akakaa. Akakaa tu, akaziba uso kwa mkono ule mzima, na mabega yakawa yanakwenda. Dorkasi akaacha chaki.

Hapo mimi nikalifunga darasa, ingawa si mwalimu.

Randa hataishika, hilo tumelikubali. Lakini ameshapata vijana wawili wanaotaka ufundi, yeye anapima na kuwaelekeza, wao wanasukuma. Ameanza na meza ya shule. Imesimama sawa, nimeilalia mwenyewe kuipima.

Mchungaji amekwishatangaza ndoa kanisani. Wewe ndiye utakayetuongoza kuingia, kwa sababu mbuzi uliyemla ni wa huyu na mlango uliufunga mwenyewe. Mlete wifi, mlete na yule mwanambuzi akiwa hai, hachinjwi, Dorkasi anamtaka awe wake. Mkaribishe na Nathanaeli, nimemwekea nafasi karibu na Zainabu mdogo, binti wa Zainabu wetu, ambaye hajaposwa na mtu yeyote, nimeuliza mimi mwenyewe kwanza. Kitabu chako kipo, hakikukunjwa, ila wodi nzima imeandika maoni yake pembeni kwa kalamu ya wino, na ya sajenti yamejaa kurasa mbili. Utayasoma ukiwa umekaa.

Harusi ni Jumamosi tarehe 24 Novemba, saa nne asubuhi, kanisani kwetu Mlola. Tunawangoja wote.

Dada yako,
Yunis, Mama Dorkasi